Subaru STI ya kilomita chache: namna ya kuiamsha, kuipasha moto na kuizoesha

Mnunuzi akiona kilomita 18,000 kwenye tangazo la WRX STI, huona injini mpya. Fundi anayejua kazi yake huona maswali. Gari la mwaka 2018 lenye kilomita hizo limetembea wastani wa kilomita elfu mbili na ushei kwa mwaka. Huenda lilikuwa likilala chini ya turubai wiki nzima na kutolewa Jumapili. Huenda lilitumwa dukani na kurudi, safari ambazo injini haikuwahi kupata joto sawasawa. Au kilomita zenyewe zimerudishwa nyuma kabla gari halijapanda meli.

Nauandika mwongozo huu nikiwa na STI ya muundo wa VAB akilini, ile iliyouzwa Japani kuanzia 2014 hadi 2019. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo ni zile za miaka ya mwisho tu ambazo bado zinaweza kushuka Mombasa kwa njia halali, na bei yake inaonyesha hivyo. Chini ya boneti kuna EJ20, injini iliyoanza na Legacy mwaka 1989 na kustaafishwa baada ya miaka 30. Toleo la STI hutoa nguvu farasi 308 kutoka lita 2 tu, na mstari wake mwekundu, yaani kikomo cha kasi ya injini, uko kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika. Kwa sisi tulioona Colin McRae akishinda Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza, gari lililozaa STI hii, hakuna haja ya kueleza kwa nini mtu anauza shamba kununua gari hili.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuzoesha injini hufanyika mara moja tu, ikiwa mpya kutoka kiwandani au ikiwa imefungwa upya baada ya kufunguliwa. Kupasha moto hufanyika kila siku, maisha yote ya gari. Gari la kilomita chache lililotumika lilishazoeshwa na mmiliki wa kwanza, vizuri au vibaya, na huwezi kuirudia kazi hiyo. Unachoweza ni kuiamsha injini kwa adabu, kuikagua, halafu kuipa joto na mzigo ambao pengine haikuwahi kuupata.

Kabla ya kugusa ufunguo

Anza na karatasi ya mnada wa Japani, ile ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani. Linganisha kilomita zilizoandikwa pale na zile za dashibodi, kisha angalia usukani, kifundo cha gia na raba za pedali. Pedali iliyolika haidanganyi.

Halafu mkanda wa taimingi, ule wa raba unaozifanya vali zifunguke kwa wakati wake, na hapa ndipo wengi huteleza. Ratiba ya Subaru kwa soko la Marekani inasema mkanda wa injini za EJ ubadilishwe kila maili 105,000 au miezi 105, kinachotangulia. Miezi 105 haifiki miaka 9. Kwa hiyo gari lenye kilomita 18,000 linaweza kuwa na mkanda uliokaribia au uliokwisha muda wake, kwa sababu raba huzeeka hata gari likisimama. EJ ni injini ambayo mkanda ukikatika, vali na pistoni hugongana. Ukibadilisha mkanda, badilisha pamoja na kapi zake, kikaza mkanda na pampu ya maji. Fundi akikwambia mkanda "bado una nguvu" kwa kuuangalia tu kwa macho, tafuta fundi mwingine.

Mwaga oili hata kama kibandiko kinasema ilibadilishwa juzi. Oili iliyokaa mwaka mzima kwenye injini ya safari fupi imebeba petroli na maji. Iache itiririke kwenye beseni safi, ichunguze juani, na ukate filta ya zamani uikunjue karatasi yake. Vumbi la kijivu kidogo ni kawaida. Vipande vinavyometameta rangi ya shaba vinatoka kwenye beringi, na hapo usiliwashe gari mpaka umejua vinatoka wapi. Chini ya kifuniko cha kujazia oili, ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa ya chai, hiyo ni dalili ya safari fupi. Si lazima gasketi ya kichwa cha injini iwe imeungua, lakini pima maji ya rejeta kujiridhisha.

Kuhusu oili ya kuweka: soma kitabu cha gari, na kwa joto letu sinthetiki ya 5W-40 inafaa. Usikubali 20W-50 ambayo mafundi wetu humimina kwenye kila kitu, kuanzia pikapu hadi jenereta. Injini hii ina mfumo wa kubadilisha taimingi ya vali unaoendeshwa na shinikizo la oili kupitia matundu membamba, na ina tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda, ambayo shafti yake huelea juu ya oili. Oili nzito huchelewa kufika kote kuwili, na kuchelewa kwenyewe hutokea asubuhi, wakati inahitajika zaidi.

Maji ya breki, maji ya rejeta na petroli ya zamani, badilisha vyote bila mjadala. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikiwa na miaka minane, hata kama meno yapo, usizipeleke mwendo wa kasi.

Ukiweza, toa plagi zote nne upime mgandamizo wa silinda. Kwenye injini hii ya boksa, yaani yenye silinda zilizolala ubavu, ni kazi ya jasho, kwa sababu plagi zinatazamana na fremu, na fundi atalalamika. Mlipe alalamike. Unatafuta silinda nne zinazokaribiana. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, ringi au kingo za pistoni zimeshaumia, na hakuna kupasha moto kutakakoitibu.

Kuwasha mara ya kwanza

Gari lililokaa wiki kadhaa melini na bandarini limeshusha oili yote kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Beringi zimebaki na utando mwembamba tu. Kwa hiyo mwambie fundi akate umeme wa pampu ya mafuta, kisha mpige stata kwa sekunde kama 10, mpumzishe stata dakika nzima, mrudie, mpaka taa ya oili izimike. Injini inaweza kushika kidogo kwa petroli iliyobaki kwenye bomba halafu ikafa, isiwatishe. Taa ikizimika, rudisheni umeme wa pampu na muwashe kawaida.

Usikanyage mafuta. Iache ingurume yenyewe huku ukichungulia chini kama kuna kinachovuja, maana sili zilizokauka hujionyesha dakika za mwanzo. Moshi mweupe kidogo asubuhi ni mvuke. Moshi wa bluu unaokatika baada ya muda mfupi unaweza kuwa oili iliyolala kwenye silinda za upande, jambo la kawaida kwa injini ya boksa. Moshi wa bluu usiokatika ni habari nyingine.

Sikiliza pia. EJ baridi hugonga kama cherehani: ka-ka-ka. Pistoni za aluminiamu hazijatanuka kujaza silinda, kwa hiyo sketi ya pistoni hupigapiga ukuta wa chuma. Sauti hiyo ikipungua na kupotea injini inavyopata joto, endelea na maisha. Sauti ya kuogopa ni kinyume chake: nzito, ya chini, inayozidi kadiri oili inavyopata moto na kuwa nyepesi. Hiyo ni beringi ya krenki, shafti kuu ya injini. Zima, ita gari la kuvuta.

Kupasha moto kila asubuhi

Kuna shule mbili mtaani. Moja huwasha gari, ikaenda kunywa chai, ikarudi baada ya robo saa. Nyingine huwasha na kuondoka kwa kishindo, wakidai magari ya kisasa hayahitaji. Zote mbili zinaharibu, na ya kwanza inaharibu kwa utulivu.

Injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida ili iweze kushika. Sehemu ya petroli hiyo haiungui. Huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu. Ikisimama bila mzigo injini huchelewa kupata joto, kwa hiyo kipindi hicho kibaya kinarefuka. Njia bora ya kuipasha ni kuiendesha taratibu.

Washa, subiri nusu dakika hadi dakika moja. Utasikia mizunguko ya mwanzo, ambayo huwa juu, ikianza kushuka. Funga mkanda wa kiti, panga vioo, ondoka.

Kilomita za mwanzo baki chini ya mizunguko 2,500, na geji ya tabo isivuke sifuri kuingia kwenye shinikizo. Lakini usiende upande wa pili ukaburuza gia ya tano kwa mizunguko 1,300 huku umekanyaga mafuta. Mzigo mkubwa kwenye mizunguko midogo hukandamiza beringi wakati krenki haina kasi ya kutosha kuelea juu ya oili. Gia ndogo, mguu mwepesi. Giaboksi nayo ina oili yake baridi. Gia ya pili ikikataa, usilazimishe.

Baada ya dakika kadhaa sindano ya maji itafika katikati na kutulia. Hapo ndipo karibu kila mtu hukosea. Sindano hiyo inasema maji yamefika joto la kazi, karibu nyuzi 80 na zaidi. Haisemi lolote kuhusu oili. Maji ni machache, yanazunguka jirani na moto wa silinda, na themostati huyafungia ndani ya injini ili yapate joto haraka. Oili ni lita nne na ushei zinazokaa kwenye sampu ya bati huku upepo ukipita chini yake. Kwa kawaida huhitaji karibu muda ule ule tena baada ya maji kutulia. Na tofauti si ndogo: oili ya kawaida ya sinthetiki ikiwa kwenye nyuzi 40 huwa nzito karibu mara sita kuliko ikiwa kwenye nyuzi 100. Asubuhi ya Julai Limuru, ambako huanza chini sana ya 40, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Watengenezaji wanalijua hili. BMW M3 ya muundo wa E46 ina taa za manjano kwenye geji ya mizunguko ambazo huzimika moja moja kadiri oili inavyopata joto, na kila taa inayozimika inakuongezea ruhusa ya mizunguko. STI haina ukarimu huo. Kama skrini ya gari lako inaonyesha joto la oili, iweke hapo na uisahau sindano ya maji. Kama haionyeshi, funga geji yenye kihisio kwenye kiti cha filta ya oili. Kwa gari la bei hii, geji hiyo ni bei ya kunyoa nywele mwaka mzima.

Kanuni ninayoifuata: oili chini ya nyuzi 60, sivuki mizunguko 3,000. Kati ya 60 na 80, naruhusu 4,000 na tabo kidogo. Ikipita 80 na kukaa hapo dakika chache, injini ni yako, ila kwa gari ulilolipata juzi fuata dari niliyoieleza mwishoni. Bila geji, tumia dakika 15 hadi 20 za kuendesha kweli kweli, ukihesabu kuanzia gari linapotembea. Mombasa na Dar muda hupungua kwa sababu oili huanza siku ikiwa na nyuzi 27 au 30, lakini haufutiki.

Foleni inaharibu hesabu hii. Ukikwama Mombasa Road nusu saa, maji yatakuwa na joto kamili, oili bado ya vuguvugu, na juu ya injini kipoza hewa cha tabo kimejaa joto. Kwenye Subaru hii kipoza hewa kimekaa juu ya injini kabisa, kikitegemea upepo wa tundu la boneti. Gari likisimama hakuna upepo. Foleni ikifunguka, mguu unawasha, na ndipo hewa ya moto inaingia silinda na kuleta mlipuko wa kabla ya wakati, ule unaovunja kingo za pistoni za EJ. Lipe gari kilomita moja ya upepo kwanza. Na petroli yake ni ile ya daraja la juu uliyonayo mjini kwako: gari hili lilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, na ya kawaida ya kwetu haifiki hapo.

Kuzima

Kilomita mbili za mwisho endesha bila tabo. Hiyo inatosha siku nyingi. Kama umetoka kupanda mlima kwa nguvu na ukaingia moja kwa moja kituo cha mafuta, iache ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili isiungue ndani ya beringi za tabo na kuacha masizi. Visanduku vya kuchelewesha kuzima vilivyoletwa na gari kutoka Japani vina kazi, ila mara nyingi huvuruga alamu zinazofungwa huku. Mimi huvitoa.

Kilomita elfu za kwanza mikononi mwako

Injini iliyokaa muda mrefu bila kazi inahitaji mzigo unaobadilika. Safari ya saa moja kila wiki, yenye kupanda na kuteremka, ni bora mara kumi kuliko kuiwasha dakika tano kila asubuhi ili "betri isife". Dakika tano hizo huongeza maji na petroli kwenye oili bila kuyapa joto la kuyafukuza. Kama gari litakaa, nunua chaja ndogo ya kudumisha betri na usiliguse.

Angalia kijiti cha oili kila unapojaza mafuta mara mbili, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa dakika kadhaa. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita moja. EJ yenye tabo inaweza kunywa kidogo. Andika kiasi unachoongeza. Badilisha oili tena ukifika kilomita 1,500, hata kama inaonekana safi, kwa sababu hiyo ya kwanza imeosha uchafu wa miaka.

Kama injini imefunguliwa na kufungwa upya

Hapa kuzoesha ni kweli, na muda wake ni mfupi. Kuta za silinda zimechorwa mikwaruzo myembamba inayokatana. Ringi zinapaswa kusagika juu ya ncha za mikwaruzo hiyo mpaka zikae sawa. Kinachozisukuma nje dhidi ya ukuta ni shinikizo la gesi linaloingia nyuma yake, na gesi hiyo huja na mzigo. Ndiyo maana desturi ya kuiacha injini mpya ikingurume kutwa nzima gereji "ilainike" ni mbaya: hakuna mzigo, ncha za mikwaruzo hulala na kung'aa, na ringi hazikai tena. Injini hiyo itakunywa oili milele.

Jaza oili ya madini isiyo sinthetiki. Zungusha stata kama nilivyoeleza, washa, kagua uvujaji, toa hewa kwenye mfumo wa maji, halafu gari litoke barabarani siku hiyo hiyo. Likishapata joto, tumia gia ya tatu na ya nne: panda kutoka mizunguko 2,000 hadi 4,000 kwa robo tatu ya pedali na tabo ikiwa imeshushwa, kisha achia pedali kabisa na gari lishuke lenyewe ndani ya gia mpaka 2,000. Kupanda kunazikandamiza ringi. Kushuka kunavuta oili juu ya ukuta na kuosha chembe za chuma. Rudia, ukilipa nafasi ya kupoa katikati. Mteremko wa Mai Mahiu na kurudi juu ni mahali pazuri kwa kazi hii Jumapili alfajiri, na wenzetu wa Iringa wana Kitonga. Siku za malori usijaribu. Barabara ya kukimbia mwendo mmoja dakika arobaini haifai kabisa.

Mwaga oili ukifika kilomita 80, tena 500, tena 1,600, na hapo ndipo sinthetiki inaingia. Kila mara kata filta.

Watu watakubishia. Wapo wanaoikamua injini mpya tangu dakika ya kwanza, na wapo wanaoibembeleza kilomita elfu tano. Kitabu cha Subaru kwa gari jipya kinasema kilomita 1,600 za mwanzo usizidi mizunguko 4,000 isipokuwa kwa dharura, usiende mwendo mmoja kwa muda mrefu, usiondoke wala kuongeza kasi ghafla. Mzigo wa wastani unaobadilika ndani ya mipaka hiyo ndio ninaoutetea, na sijaona hoja ya kunitoa hapo.

Mara ya kwanza hadi mstari mwekundu

Usiruke kutoka 4,000 hadi 8,000 siku moja. Baada ya kilomita elfu, au 1,600 kwa injini iliyofungwa upya, ongeza dari kwa mizunguko 500 kila safari, oili ikiwa imepita nyuzi 80. Siku ya kufika juu, chagua kiwanja kilichofungwa au siku ya mashindano ya wazi, tumia gia ya pili au ya tatu, na usishikilie pale juu. Gusa, achia, lishuke ndani ya gia. Oili ikivuka nyuzi 120, endesha polepole mpaka irudi. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, vuta kijiti na ulinganishe na alama ya jana.